Kwa nini pumzi hukata mlimani? Maswali na majibu kuhusu hewa na oksijeni ya damu

Kilele cha Kilimanjaro hakina oksijeni ya kutosha, sivyo?

Pima hewa ya pale Uhuru, mita 5,895, utakuta oksijeni ni asilimia 21, sawasawa na ufukweni Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa. Pwani hewa hutukandamiza kwa milimita 760 hivi za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu. Kileleni inabaki karibu nusu. Mwingereza John Dalton alieleza mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba kila gesi iliyo kwenye mchanganyiko huchangia mgandamizo kulingana na sehemu yake. Kwa hiyo oksijeni, ambayo pwani ina msukumo (yaani sehemu yake ya mgandamizo huo) wa milimita 160, kule juu ina 80 hivi.

Mapafu huvutaje hewa?

Mapafu yenyewe hayana nguvu ya kuvuta. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka, mbavu hupanuka, nafasi ya ndani ikiongezeka, mgandamizo hupungua na hewa ya nje huingia, kama bomba la sindano linavyovuta dawa. Kwa mtu aliyetulia, tofauti ya milimita moja tu ya zebaki inatosha. Mtoto mwenye nimonia hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na hapo utaona sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi. Mama ukiona hivyo usingoje kesho, mpeleke hospitali.

Ikishafika mapafuni, nini huisukuma iingie kwenye damu?

Gesi hutoka penye msukumo mkubwa kwenda penye mdogo. Kwenye vifuko vya hewa oksijeni ina 100 hivi, kwa sababu mvuke wa maji na hewa ukaa navyo vimechukua sehemu yao. Damu inayorudi kutoka mwilini ina 40. Oksijeni huvuka, na karibu yote hudakwa na hemoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kimeandika 90. Si nzuri hiyo?

Hizi si alama za mtihani, ni asilimia ya hemoglobini iliyojaa oksijeni. Msukumo wa oksijeni ukishuka kutoka 100 hadi 60, hemoglobini bado hubaki imejaa kwa asilimia 90 hivi. Mwili una akiba kubwa. Msukumo ukishuka hadi 40, ujazo wa hemoglobini huanguka hadi asilimia 75. Yaani ukisoma 90 umesimama ukingoni mwa mteremko. Kwa mtu mzima mwenye afya aliye pwani tunategemea 95 na kuendelea. Chini ya 90 ni dharura. Futa kwanza rangi ya kucha, pasha mikono joto, na ukumbuke kwamba kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Mgonjwa anayehema asitulizwe kwa namba.

Kambi za juu za Kilimanjaro ni kawaida kusoma themanini na kitu, kwa hiyo waongozaji huangalia zaidi mtu mwenyewe: anayumba akitembea, anachanganyikiwa, anahema hata akiwa amekaa. Huyo ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Mtungi wa oksijeni humsaidia njiani, lakini tiba yake kubwa ni kushuka. Hilo linawahusu wapagazi sawa na wageni wanaolipa. Mzoefu naye huugua.

Inawezekana kifaa kisome 98 na mtu yuko hatarini?

Ndiyo, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Jiko la mkaa likiachwa chumbani, milango imefungwa kwa sababu ya baridi, hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu. Gesi hii hushika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kifaa cha kawaida cha kidoleni hakiwezi kuzitofautisha. Waliolala humo wakiamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu, au wasipoamka, fungua milango, watoe nje, wapelekwe haraka kwenye hospitali yenye oksijeni. Ukifika, mwambie daktari kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Bila kuambiwa hivyo, anaweza kuiona ile 98 akadhani oksijeni ni ya kutosha.