Katikati ya ubao wa vishale sipo penye alama nyingi zaidi

Wengi huamini kuwa kishale kikiganda katikati ya ubao kimeleta alama za juu kabisa. Inaeleweka, maana kwenye shabaha ya upinde ndivyo ilivyo. Ila hapa katikati ni 50. Kipande chembamba cha pete ya ndani kwenye sehemu yenye namba 20 huzidishwa mara tatu, yaani 60.

Wachezaji wa kulipwa hulenga hapo miaka nenda rudi. Vishale 3 ni 180, lakini ukikosa kidogo, jirani zake ni 1 na 5. Wakianzia alama 501 hupunguza walizopata hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiwe cha mara mbili, yaani kwenye pete ya nje au katikati kabisa.

Ukitaka kuhakikisha, sogelea ubao wowote, tazama hizo pete mbili, kisha muulize mwenye chaki anavyohesabu.