Je, wajua kwa nini mchoraji wa Buddha hushika rula kabla ya brashi?

Ukimwambia mtu kwamba kuchora kwaweza kuwa ibada, huenda akafikiria mkono ulioachiwa uende utakako. Wachoraji wa tangka, yaani picha za Kibudha za Tibet zinazochorwa juu ya kitambaa na kuviringishwa kama mkeka, hufanya kinyume kabisa. Kila kiungo cha Buddha kina kipimo chake, na mchoraji hana ruhusa ya kukirefusha kwa sababu tu amependa.

Picha hiyo haikukusudiwa kuwa pambo. Anayetafakari huitazama, kisha hufumba macho na kuijenga upya akilini, kiungo baada ya kiungo. Ikienda upogo, kinachojengwa nacho huenda upogo. Ndiyo maana mchoraji huanza kazi kwa sala, na kwa desturi hatii saini: sura ile haikutoka kichwani mwake.

Kwa Mombasa, wenye kujua khati ya Kiarabu wataelewa upesi. Tangu zama za Ibn Muqla wa Baghdad, katika karne ya 10, herufi hupimwa kwa nukta za kalamu ileile inayoandika. Kizio cha tangka ni upana wa kidole, lakini si kidole cha mchoraji. Ni cha Buddha mwenyewe aliyemo pichani, kwa hiyo hukua na kupungua pamoja na picha.

Kwa mojawapo ya vipimo vinavyofuatwa, Buddha aliyesimama ana kimo cha vidole 125. Nusu ya juu huchukua 62.5: nundu ya utosini 4, nywele 4.5, uso 12.5, shingo 4, koo hadi moyo 12.5, moyo hadi kitovu 12.5, na kitovu hadi mwisho wa kiwiliwili 12.5.

Ukitaka kujaribu, chukua karatasi ya A3, penseli ngumu na bikari. Fanya kidole kimoja kiwe milimita 4. Piga kwanza mstari wa wima wa katikati, na usiuamini ukingo wa karatasi. Hewa yetu ya pwani huikunja, na mara nyingine hata haikukatwa sawasawa. Ili kuupata, piga mstari wa mlalo, toa tao za bikari kutoka ncha zake mbili, kisha unganisha zinapokatana juu na chini. Sasa weka alama kutoka juu kabisa: 16, 34, 84, 100, 150, 200 na 250. Zote zihesabiwe kutoka sifuri. Anayepima kila kipande kuanzia mwisho wa kilichotangulia hujumlisha makosa madogomadogo, na akifika kitovuni kiwiliwili kimeshahama. Zoezi la akili limo humohumo: ukianza kuwaza foleni ya feri ya Likoni, utaruka namba, na karatasi itakuonyesha mahali hasa ulipopotea.

Asiyetaka kuchora sura ya kiumbe, na wako wengi hapa, aweza kubaki na msingi wa mandala, yaani mchoro wa Kibudha wa miraba na duara: mstari wa wima, wa mlalo, miwili ya mshazari, na minne ya kuta. Nidhamu ni ileile, na makosa huonekana mapema zaidi, maana mishazari isipokutana katikati basi mraba wako si mraba.

Kitambaa ndicho kinachotesa. Pamba tupu kama marekani, inayopatikana kwenye maduka ya vitambaa kama yale ya Biashara Street, yafaa, ila ifuliwe kwanza wanga utoke. Hupakwa mchanganyiko wa gundi ya ngozi na chaki, tabaka nyembamba pande zote mbili, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Kisha huloweshwa kidogo na kusuguliwa kwa jiwe laini hadi nyuzi zisionekane. Jaribu pembeni: chaki ikitoka kidoleni, gundi ni kidogo, ikipasuka unapokunja, gundi imezidi.

Wakati wa masika gundi hiyo hunyonya unyevu, kitambaa kikalegea na kuvu likaingia. Watibet hawakigongomei misumari. Hukishonea kwenye vijiti vinne vyembamba, kisha vijiti hufungwa kwa kamba ya kupinda huku na huku kwenye fremu kubwa zaidi. Kikilegea, unaivuta kamba. Mombasa utaivuta mara nyingi. Na usiegemeze kazi kwenye ukuta wa matumbawe wa Mji wa Kale. Unyevu wa ukuta utaifikia.

Rangi za asili ni mawe ya kusaga, kijani cha malakiti na buluu ya azuriti, zikishikwa na gundi ileile.

Macho huja mwisho, nusu wazi, yakitazama chini. Wanafunzi wengi hutaka kuanza nayo, na matokeo ni kwamba uso mzima husogezwa uyafuate macho, rula ikasahaulika. Baada ya macho, nyuma ya kitambaa huandikwa silabi tatu, Om, Ah na Hum, kila moja sawia na paji la uso, koo na moyo. Kisha lama, yaani mwalimu wa dini wa Kitibet, huiombea picha. Kwa hiyo ukiuziwa tangka, igeuze kwanza uangalie mgongo wake.