Mzee hajala, lakini sukari yaweza kupanda

Majumba mengi ya Unguja na Pemba, mzee mwenye kisukari akirudi kutoka kupasuliwa jipu na akawa hana hamu ya chakula, husemwa asipewe dawa ya sukari wala sindano: hajala, sukari itatoka wapi? Wanaosema hivyo wanachelea asije akaishiwa sukari, na hofu hiyo ina msingi.

Ila mwili haungoji chakula. Maumivu, homa na jeraha lenyewe huufanya utoe homoni zinazolisukuma ini kumwaga sukari kwenye damu. Bibi aliyeonja vijiko viwili vya uji wa mchele asubuhi anaweza kukutwa na sukari ya juu adhuhuri, na ikikaa juu kidonda huchelewa kufunga. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hapaswi kukatishwa kabisa insulini, yaani sindano ya kushusha sukari; kuikatisha kunahatarisha maisha.

Dawa nazo hazifanani. Glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, kwa asiyekula yaweza kushusha sukari mno. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, pengine daktari huisimamisha kwa muda. Basi kabla ya kutoka hospitali ulizeni dawa moja moja: asipokula, hii apewe kiasi gani?

Nyumbani, pimeni sukari ya damu kwa mashine ya kidoleni. Aoshwe mkono kwanza, maana utamu wa tende kidoleni huipandisha namba. Ikiwa chini ya 4 mmol/L na anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari, mrudie kupima baada ya dakika 15. Mzee akianza ghafla kusema maneno yasiyoeleweka, msidhani ni uzee tu. Pimeni hapo hapo, na asipotengemaa mpelekeni hospitali.