UTI na dawa za mitishamba: kuzuia ni kimoja, kutibu ni kingine

Napata UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara kwa mara. Je, juisi ya kranberi, yale matunda madogo mekundu, inasaidia kweli?

Inasaidia kuzuia, haitibu. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo wanapoumia. Bakteria aina ya *E. coli*, ambao ndio chanzo kikuu cha UTI, wana nyuzi ndogo mno za kunatia. Hung'ang'ania ukuta wa kibofu kama kupe, mkojo ukapita bila kuwasomba. Kemikali za kranberi ziitwazo proanthosianidini huzifanya nyuzi hizo zishindwe kushika. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 50, yalionyesha kuwa kwa wanawake wenye UTI ya kujirudia hatari ilipungua kwa takriban robo. Watoto nao walinufaika. Kwa wajawazito faida haikuonekana. Ukishaanza kuungua unapokojoa, usiitegemee. Na kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza.

Na majani ya mmea wa uva ursi?

Haya yana nguvu: arbutini iliyomo hugeuka mwilini kuwa hidrokwinoni, inayoua bakteria. Utafiti wa Ujerumani wa REGATTA ulianza kuwapa wanawake uva ursi badala ya antibayotiki. Kweli, matumizi ya antibayotiki yalipungua sana, lakini walioanza na majani waliteseka zaidi na maumivu, na maambukizi ya figo yakawa mengi zaidi kwao. Kwangu mimi, bei hiyo ni kubwa mno.

D-manosi, ile sukari inayouzwa kama kinga ya UTI, je?

Utafiti wa Uingereza uliotoka 2024, wenye wanawake karibu 600, haukuona faida.

Mbona nikinywa chai ya nywele za mahindi napata nafuu?

Nafuu yako siikatai. Ila yaangalie maji yaliyomo kikombeni. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 wenye UTI ya kujirudia waliokuwa wakinywa maji machache. Walioongeza lita 1.5 kwa siku waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka. Wenzao mara 3.2. Maji matupu hayo.

Nisisubiri wakati gani?

Ukiwa na homa, kutetemeka kwa baridi, kutapika, maumivu ya ubavuni au damu kwenye mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito, mwanaume na mtoto wasijitibu nyumbani kabisa. Ukifika, taja kila mti-shamba uliokunywa, hata kama unaona haya: mimea ya jamii ya *Aristolochia* imewahi kuua figo za watu, na daktari hawezi kuihisi usipomwambia.