Je, wajua? Ua linalostahimili ukame halina kiu ndogo

Nilipopanda ua liitwalo ekinasea mbele ya nyumba, Iringa, niliamini kwamba ua linalostahimili ukame hunywa maji kidogo. Kwa hiyo kila jioni nililimwagilia kikombe kimoja cha maji. Lilionekana zima. Kisha mwezi Septemba nikasafiri siku nne, nikarudi nikakuta majani yamekauka kabisa.

Ekinasea hunywa maji kama mimea mingine. Tofauti ni mahali inapoyachota. Asili yake ni mbuga za nyasi za Marekani, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la kalunguyeye, kwa sababu ya kitovu cha ua chenye miiba. Aina iitwayo angustifolia ina mzizi mkuu mmoja, mnene, unaozama chini. (Ile ya zambarau inayopendwa zaidi bustanini ina mizizi ya nyuzinyuzi, hivyo haizami kiasi hicho.) Karne iliyopita John Weaver wa Chuo Kikuu cha Nebraska alichimba mitaro kando ya mimea ya mbuga hizo, akakuta mizizi mingi imepita mita 2. Nikifikiria shimo la kina hicho kwa ajili ya ua la kufika magotini, bado nastaajabu.

Sasa fikiria nyumba mbili, moja ina kisima kirefu, nyingine huletewa ndoo mlangoni kila siku. Wote wanakunywa sawa, mpaka siku mleta ndoo asipotokea. Kikombe changu kililowesha udongo kina cha kidole tu, na jua likakausha unyevu huo kesho yake. Chini palikuwa pakavu, na ncha ya mzizi haisongi mbele kwenye udongo mkavu. Mimi ndiye niliyekuwa mleta ndoo.

Siku hizi namwagilia mara moja kwa wiki, taratibu, hadi udongo ulowe kina cha dhiraa moja, kisha naacha. Mwaka wa kwanza juu hapaonekani kitu cha maana, kwa kuwa mmea unajenga mzizi.

Panda penye jua la kutwa, kwenye tuta la udongo wa kichanga. Tukuyu, kwenye mvua nyingi, mzizi huoza kwa urahisi, kwa hiyo tuta liinuliwe zaidi.

Kwetu baridi ya Juni na Julai huenda ikakausha shina lote. Okidi, maua ya mwituni ya Hifadhi ya Kitulo, nazo hupotea juu ya ardhi, mizizi yao minene kama viazi ikibaki hai chini. Kwa hiyo shina likikauka silingʼoi. Nasubiri mpaka mvua za Desemba.