Mtaro mkubwa haumalizi mafuriko jamani

Mvua ikianza tu wateja wote wanakuja na wimbo mmoja, mtu anakunjua ramani ya kiwanja mezani na kabla sijaiangalia anashasema eti tatizo la mji huu ni mitaro midogo, wapanue yaishe. Hii nimeichoka.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita za mraba 400, ukishaezeka bati na kumwaga zege kuanzia getini mpaka ukuta wa nyuma, mvua ya milimita 50 inakupa lita 20,000 na karibu zote zinatoka nje hapo hapo. Pangekuwa na udongo wenye nyasi, sehemu kubwa ingezama au basi ingechelewa, na kuchelewa ndio mpango wenyewe, maana mafuriko ni maji mengi kufika sehemu moja kwa wakati mmoja. Sasa zidisha na viwanja vyote vya mlimani huko halafu niambie mtaro wa upana gani utayabeba. Na tuseme umeyabeba, yameenda wapi? Kwa wenzako wa chini, tena kwa kasi zaidi! Kuzibua mitaro sijakataa, zibueni, ila mtaro unahamisha maji tu, haumezi.

Kinachomeza ni ardhi, kwa hiyo mpango unaanza na kujua maji yanapita wapi na kutuama wapi, hapo pasijengwe, ndio nyumba na barabara zifuate. Uholanzi ni mabingwa wa matuta ya kuzuia maji lakini pale Nijmegen walirudisha tuta nyuma mita 350 ili mto Waal upate pa kutanuka. Marekani nao, kwenye mto Charles unaoingia Boston, walinunua na kulinda zaidi ya hekta 3,000 za ardhi oevu, yaani vinamasi, huko juu zihifadhi maji ya mafuriko, badala ya kujenga bwawa. Huku kwetu ukimtajia mwekezaji ardhi oevu anaona eneo la bure linalosubiri kifusi.

Na hicho kifusi! "Nitajaza kiwanja kiinuke." Sawa, wewe umeinuka, maji yaliyokuwa yanakaa hapo yanaingia kwa jirani.

Mwingine anasema mafuriko ya miaka 100 yameshapita juzi kwa hiyo yeye na wajukuu wake wako salama. Hapana, maana yake ni asilimia 1 kila mwaka, mwaka kesho upo vile vile, na kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26.

Kuhusu tuta, mji wa New Orleans kule Marekani mwaka 2005 walikuwa nalo, likavunjika. Miti nayo panda, inashika udongo, lakini udongo ukishashiba maji mti hauna miujiza, nafasi ya maji inabaki kuwa lazima.

Halafu ushauri wangu ule ule kila siku: kiwanja usikikague kiangazi, nenda mvua inanyesha, angalia alama za tope kwenye kuta za nyumba za jirani, na ukikuta matete yameota usinipigie simu kuniuliza.