ISRC sio hati ya umiliki wa masta

Wiki hii tena. Msanii kanipigia, rekodi yake inachezwa redioni miezi na miezi na hajaona hata senti, namuuliza umeisajili? Ananijibu kwa kujiamini kabisa, "ndio, ina ISRC." Hilo jibu nimelisikia mara nyingi mno sasa, na kila nikilisikia naumia, kwa sababu najua kuna hela ya mtu imekaa mahali haina mwenyewe.

ISRC ni namba ya utambulisho wa rekodi ya muziki, basi. Herufi na tarakimu 12: tano za mwanzo ni za aliyepewa ruhusa ya kutoa namba (zamani mbili za kwanza zilikuwa msimbo wa nchi), mbili za mwaka namba ilipotolewa, tano za mwisho ni za rekodi yenyewe. Tafuta humo ndani pote, hakuna sehemu inayosema masta, yaani rekodi halisi yenyewe, ni ya nani. Ukiwa umepewa na distribyuta wako, yule anayekupandishia nyimbo mtandaoni, zile tano za mwanzo ni zake yeye na wala hazimfanyi mmiliki, na kesho ukiuza masta kwa mtu mwingine namba inabaki ileile, haibadiliki. Ni kama namba ya chesisi, inakuonyesha gari ni lipi, haikwambii gari ni la nani.

Kusajili ni kitu kingine kabisa. Unaenda kwenye chama kinachokusanya mirabaha ya haki jirani, yaani haki za waliorekodi na mwenye rekodi, unadai: rekodi hii yenye ISRC hii, masta yangu kwa asilimia kadhaa, tangu tarehe fulani, kwa nchi fulani, na walioimba na kupiga vyombo ni hawa hapa. Bila hilo dai redio inaweza kuripoti rekodi yako kila siku, chama kikaiona kabisa, na kisijue kimlipe nani. Na madai yana muda wake, vyama vingi vinakuruhusu kurudi nyuma miaka michache tu, ikipita hela inagawiwa wengine.

Halafu dai lenyewe ni mawili. Kuna mwenye masta na kuna aliyeimba. Ukijirekodi mwenyewe uko pande zote mbili na lazima ujisajili pande zote mbili. SoundExchange ya Marekani kwa mfano inagawa asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa wanamuziki waliosindikiza. Nimekutana na watu wamejiandikisha kama wasanii tu wanafurahia ile 45, wakati nusu nzima inawasubiri. (Na hiyo ni redio za kidijitali tu, redio za kawaida za Marekani hazilipi kitu kwa rekodi, usinipigie kuniuliza mbona hazijaleta.)

Strimu za kuchagua mwenyewe wimbo, upande wa rekodi, karibu kote zinapita kwa distribyuta, hapo hamna shida. Utunzi, yaani maneno na melodi, ni mali nyingine yenye namba yake ISWC na usajili wake, nao ufanye, ila leo siuongelei.

Kinachonichosha kweli ni neno prodyuza. Fomu inauliza prodyuza ni nani, kila mtu anajaza jina la mtengeneza biti, au la jamaa mwenye studio. Hapana jamani! Kwenye sheria za rekodi prodyuza sio cheo cha studio. Mkataba wa Roma wa 1961 unasema ni mtu au kampuni ya kwanza kunasa zile sauti. Mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu, wa 1996 ukaja ukanyoosha zaidi, ni yule aliyeanzisha kazi na kubeba jukumu la unasaji wa kwanza. Yaani aliyesema turekodi, akapanga, akagharamia, na mambo yakiharibika ni yeye anayedaiwa. Mara nyingi ni wewe msanii uliyelipia masaa ya studio. Fundi aliyebonyeza kitufe alikuwa kazini kwako, hajawa mmiliki kwa kukaa kwenye kompyuta.

Lakini hapa niseme ukweli, kuna kesi zinanishinda. Studio haikukutoza hela, mkakubaliana kwa mdomo "tutaona mbele", jamaa kaleta biti aliyoirekodi mwenyewe nyumbani kwake, wewe ukaja na sauti na ukalipia miksi. Nani alianzisha? Ile biti nayo ni rekodi iliyonaswa kabla ya yako, ina mwenye masta wake, na kama ulipewa leseni isiyo ya kipekee basi wasanii wengine kumi wanaweza kuwa nayo kihalali. Nimekaa na watu wawili wenye hoja nzuri wote wawili, na nikaondoka sijui mwenye haki ni nani. Vitabu vinaandika kana kwamba jibu lipo muda wote. Ninachoweza kusema ni kwamba karatasi moja ya mgao iliyosainiwa siku ya kurekodi ingetuokoa wote, na isainiwe wakati bado hamna hela, maana zikishaingia hakuna anayekumbuka vizuri.

Kwa sababu mkidai wote, mmoja 100 na mwingine 50, jumla imepita mia, chama hakichagui upande, kinashikilia hela mpaka muelewane. Hiyo hiyo inatokea ukijisajili moja kwa moja kwenye chama kimoja huku distribyuta wako ulishamtikia kile kiboksi cha kukukusanyia haki jirani dunia nzima. Unagombana na wewe mwenyewe! Kwahiyo kabla hujajaza fomu yoyote soma ulichokubali kule kwanza.

Kingine kifupi: rimiksi inapata ISRC mpya, ila rekodi ileile ikiingia kwenye albamu ya mkusanyiko inabaki na namba yake ya zamani. Watu wanafanya kinyume, wimbo mmoja una namba nne, hesabu ya kuchezwa kwake inagawanyika. Na jaza ilirekodiwa nchi gani na waimbaji ni raia wa wapi, sio udaku, nchi nyingi zinaamua kulipa au kutolipa kwa kuangalia hapo.

Yule aliyenipigia, tulivyofuatilia tukakuta mtengeneza biti alishadai masta asilimia 100, na sio mwizi, aliona neno prodyuza akajua ni yeye. Nimewaomba wote wawili waniletee risiti za studio, leseni ya biti, na meseji walizoandikiana wiki ile ya kurekodi, tuandike mgao leo walipo bado marafiki, kisha kila mmoja arekebishe dai lake.